Nilihesabu Nishati ya Memrista, Nikasahau Vigeuzi

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia akiuliza kwa nini makala yake kuhusu ukokotoaji ndani ya kumbukumbu, yaani kufanya hesabu palepale data inapohifadhiwa, imekataliwa, ilhali vipimo vyake vinaonyesha kwamba memrista, vijikinzani vinavyokumbuka ukinzani wake, zinatumia nishati kidogo mno. Nilicheka kwa uchungu, kwa sababu nami nilikataliwa kwa kosa hilohilo, na mhakiki wangu aliandika sentensi moja tu: "Vigeuzi viko wapi?"

Wakati huo nilikuwa na gridi ya seli 64 kwa 64, kila seli ikiwa memrista ya oksidi ya hafniamu, na uzuri wa wazo lenyewe ulikuwa umenilewesha: uzito wa mtandao wa nyuroni, yaani namba zinazobeba kile akili bandia ilichojifunza, unahifadhiwa kama upitishaji umeme wa seli, volteji inaingia kwenye safumlalo, kanuni ya Ohm inazidisha viwili hivyo, ya Kirchhoff inajumlisha mikondo kwenye safuwima, na data haisafiri tena kati ya kumbukumbu na kichakataji, safari ambayo hula umeme kuliko hesabu yenyewe. Mhandisi Leon Chua aliifikiria memrista mwaka 1971, maabara za kampuni ya HP zikatangaza kuipata mwaka 2008, nami nilidhani nimefika wakati wa kuvuna. Nikapima nishati ya seli, nikaandika, nikajisifu.

Nilichokiacha ni kwamba mkondo unaotoka kwenye safuwima ni wa analogi, na sharti ugeuzwe kuwa namba. Kigeuzi kinachofanya kazi hiyo mara nyingi hula nishati kuliko gridi nzima, na kila biti unayokiongezea hukizidishia njaa. Nilipokihesabu, faida niliyoitangaza ikasinyaa. Bado inaniuma kidogo, maana mhakiki yule hakuona hata jambo moja jema.

Basi hesabu mfumo mzima, ndugu yangu, wala usijidanganye kwa seli. Punguza kwanza biti za kigeuzi. Hesabu na uandishi wa uzito kwenye seli, kwani seli haishiki thamani kwa mpigo mmoja: unaandika, unasoma, unasahihisha, unasoma tena. Seli yangu moja ya pembeni ilikuwa ikisoma pungufu kila mara. Niliiandika upya mara tatu, nikiilaumu, kabla ya kugundua kwamba volteji ilikuwa ikipotelea njiani kwa ukinzani wa nyaya. Mtafiti asiyetaka kuzitazama nyaya zake na atafute kazi nyingine.

Makala yangu ya pili ilikubaliwa. Katika jedwali lake la nishati, vigeuzi viko mstari wa kwanza.