Unataka Jukwaa la Tamasha Kubwa Australia? Pitia Mlango wa Nyuma

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Toowoomba aliniandikia hivi: “Shikamoo dada. Tuna bendi, tuko wanne, tunaimba Kiswahili na Kiingereza. Tunataka Laneway. Tunaanzia wapi?” Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi siku ile ile, lakini swali lako naletewa mara nyingi na vijana wetu wa Brisbane, Perth, Shepparton, hata walioko Dar wanaojiandaa kuja kusoma. Leo nalijibu mbele ya wote.

Kwanza ujue ni kitu gani unachokitamani. Laneway ni mojawapo ya matamasha makubwa ya muziki ya huku, na matamasha haya huzunguka. Wasanii walewale na mafundi walewale wanapiga Sydney leo, keshokutwa Melbourne, kisha Adelaide, na mwisho Perth, ambayo kutoka Adelaide kwa barabara ni karibu kilomita 2,700 za nchi kavu. Laneway yenyewe ilianzia kichochoroni Melbourne, Caledonian Lane, ndipo likapata jina lake. Leo linavuka hadi Auckland, New Zealand, na mwaka 2025 aliyeongoza bango, yaani orodha ya wasanii, ni mwimbaji Mwingereza Charli XCX.

Lakini baba wa matamasha haya yote ni Big Day Out. Lilianza Sydney tarehe 25 Januari 1992. Wakuu wa bango walikuwa Violent Femmes, na chini yao kulikuwa na bendi moja iliyokodiwa kabla dunia haijaijua vizuri, inaitwa Nirvana. Mwaka uliofuata likafika Melbourne, Adelaide na Perth, na 1994 likaongeza Gold Coast na Auckland. Kwa kizazi kizima cha Waaustralia, kiangazi hakikuwa kiangazi bila Big Day Out.

Mimi nililiwahi mwishoni, Januari 2014, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Flemington, Melbourne. Nilikuwa mwanafunzi, nimetoka Tanga na gitaa langu la besi ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Nikaajiriwa kibarua cha kubeba vyombo: fulana ya njano inayong’aa, viatu vyenye chuma mbele, glavu. Wenzangu darasani walinionea huruma. Mimi nilijua nimeingia chuo bora kuliko kile nilichokuwa nakilipia ada.

Niwaeleze nilichokiona, kwa sababu humu ndimo lilimo jibu lenyewe. Big Day Out lilikuwa na majukwaa makuu mawili yaliyosimama bega kwa bega, la bluu na la chungwa. Bendi ikipiga hapa, pale jirani mafundi wanapanga vyombo vya bendi inayofuata, kwa hiyo ikigonga noti ya mwisho huku, kule inaanza. Ngoma hazipangwi jukwaani. Zinapangwa nyuma juu ya kijukwaa cha magurudumu, zinafungwa mikrofoni zote, halafu watu wanasukuma kitu kizima hadi kwenye alama za utepe sakafuni. Kila bendi na rangi yake ya utepe. Kila waya umeandikwa unakokwenda.

Meneja wa jukwaa alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini sana. Hakupiga kelele hata mara moja. Alisimama pembeni na saa yake, akimwonyesha mpiga gitaa vidole: dakika tano, mbili, moja. Bendi moja ya vijana wa mchana ilitaka kuongeza wimbo. Alitazama tu upande wa fundi mitambo, spika zikanyamaza katikati ya ubeti wa kwanza. Vijana wale waliendelea kupiga kwa muda kabla hawajagundua kwamba hakuna anayewasikia isipokuwa wao.

Na waya wa mikrofoni haukunjwi kwa kuuzungusha kwenye kiwiko. Unaujeruhi ndani, nao unakufa siku nyingine mbele ya watu. Unakunjwa mkononi, mzunguko mmoja kwa juu, unaofuata kwa chini, ili ukiurusha ufunguke wenyewe bila fundo. Fundi mzee wa Adelaide alinifundisha, na nikamkunjia za kwake mpaka usiku, bendi ya Pearl Jam wakipiga upande wa pili wa makontena na besi yao ikipanda kwenye nyayo za viatu vyangu. Mwishowe akaniuliza, “Wewe unapiga nini?” Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza swali hilo Australia.

Ndiyo maana nasema pita mlango wa nyuma. Kama una viza ya mwanafunzi, kumbuka masomo yakiwa yanaendelea unaruhusiwa saa 48 kwa kila wiki mbili, usizidishe. Tafuta White Card, kadi ya mafunzo ya usalama kwenye ujenzi, kama unataka kujenga majukwaa, au cheti cha RSA, cha kuuza pombe kwa uangalifu, kama utauza vinywaji. Kazi zipo kila kiangazi. Kunja nyaya vizuri, fika mapema, jifunze majina ya mafundi. Watu hawa ndio wanaoulizwa na mapromota, “Bendi gani haisumbui?”

Miaka iliyofuata naipita haraka: kazi za bei ndogo, baa zenye watu wachache, bendi kuvunjika na kuungwa. Nikampata mpiga gitaa wa Lubumbashi aliyekulia Melbourne, mpiga ngoma Mwaustralia, na dada wa Nairobi mwenye sauti ambayo sijasikia mfano wake. Tukawa bendi.

Kisha tukaenda kwa wakala mmoja anayetafutia matamasha bendi. Simtaji. Alisikiliza nyimbo zetu tatu, akatikisa kichwa kwa mdundo, akasifu sebene, kisha akafunga kompyuta na kusema, “Nzuri sana. Lakini kwa mwaka huu tayari tuna Waafrika.” Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekwambia ukubwa wa kiatu umekwisha. Bendi za wavulana wanne wenye magitaa kwenye lile bango zilijaa, na hakuna aliyeziambia zimeshatosha. Kauli ile bado inaniuma, na sitaki kujifanya haiumi.

Mdogo wangu, kauli hiyo nawe utaisikia. Ikija, wakumbuke waliotutangulia. Sampa the Great, aliyezaliwa Zambia na kulelewa Botswana, alitwaa tuzo ya Australian Music Prize mara mbili, 2017 na 2019, na hakuna aliyewahi kuichukua mara mbili kabla yake. Genesis Owusu alizaliwa Ghana, akakulia Canberra, na mwaka 2021 akabeba ARIA, tuzo kubwa ya muziki ya Australia, ya albamu bora ya mwaka. Hawakusubiri nafasi ya Mwafrika ipatikane. Walifanya kazi nzuri mno hata mlango ukawa mdogo. Nanyi fanyeni hivyo. Msipunguze Kiswahili ili mkubalike. Mwimbaji wetu alipoanza kuimba Kiingereza kitupu, watu walituona wa kawaida. Aliporudisha Kiswahili, wakaanza kuuliza jina la bendi.

Kilichotufungulia njia ni triple j Unearthed. Triple j ni redio ya vijana ya shirika la taifa la utangazaji, na Unearthed ilianza 1995 kama msako wa kuibua bendi zisizojulikana. Sasa ni tovuti: unapakia wimbo bure, watangazaji wanasikiliza, na kwa miaka mingi imeshirikiana na matamasha kuchagua bendi ya kienyeji ya kufungua jukwaa katika kila mji. Tukaingia. Tukachaguliwa kufungua tamasha lililopita mji mmoja wa mikoani Victoria.

Kufungua maana yake ni asubuhi, geti ndiyo kwanza linafunguliwa. Nyasi zilikuwa bado na umande. Mbele yetu kulikuwa na wasichana watatu waliokimbia kuwahi uzio kwa ajili ya msanii wa usiku, na baba mmoja anayekula soseji. Tukapewa dakika ishirini na tano. Sisi tulikuwa tumefanya mazoezi ya ishirini na mbili, kwa saa, na kila mmoja alijua uzi wa gitaa ukikatika anafanya nini. Sebene lilipoanza, yule baba aliweka soseji yake chini. Tulipomaliza, kulikuwa na umati hadi kwenye mahema ya chakula, na dakika zilikuwa zimebaki. Meneja wa jukwaa alinishika bega akasema tuko tayari kwa jukwaa lolote nchini. Najivunia, na nina haki.

Sasa lile ambalo vijana hawapendi kulisikia. Msiweke matumaini yote kwenye tamasha moja, kwa sababu yanakufa. Big Day Out ile niliyobebea vyombo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Blur, bendi ya Uingereza iliyokuwa kwenye bango, walikuwa wamejitoa miezi michache kabla, na kufikia katikati ya 2014 ikatangazwa kwamba 2015 hakuna. Soundwave, tamasha jingine la kuzunguka, likafa mwaka uliofuatia. Groovin the Moo, lililoanzia mji mdogo wa Gloucester mwaka 2005 na kupeleka wasanii wakubwa Bendigo, Bunbury na Townsville, lilifuta ziara nzima ya 2024 kwa sababu tiketi hazikununuliwa. Utafiti wa Creative Australia, shirika la serikali la sanaa, uliotoka mwaka huo ulionyesha asilimia 35 ya matamasha yalipata hasara. Msanii wa nje hulipwa kwa dola za Marekani huku tiketi zikiuzwa kwa dola ya Australia, bima imepanda, mafuta ya malori yamepanda, na vijana siku hizi wanangoja wiki ya mwisho ndipo wanunue tiketi. Kwa hiyo pigeni kwenye baa, vyuoni, kwenye sherehe za jamii zetu, na muwe na jina mjini kwenu ambalo halitegemei bango la mtu.

Jambo jingine nalisema kwa uzito. Mkishapata jukwaa, tazameni watu walio mbele. Mwaka 2001, kwenye Big Day Out ya Sydney, msichana mmoja alibanwa kwenye umati wakati bendi ya Limp Bizkit wakipiga, akafariki siku chache baadaye. Tangu hapo tamasha lile likaweka vizuizi vya kugawa umati mbele ya jukwaa. Mwenye mikrofoni anaona asichokiona mlinzi. Ukiona mikono inapunga vibaya, simamisha wimbo. Heshima ya bendi haipungui kwa kusimamisha wimbo.

Na fedha, kwa maana wengi mnaona aibu kuuliza. Jiungeni na APRA AMCOS, shirika linalokusanya mirabaha ya watunzi wa nyimbo, kabla hamjapanda popote. Andikisheni kila wimbo kwa majina ya wote waliouandika, mkubaliane mgawo mkiwa bado mnapendana. Kila onyesho mkipiga nyimbo zenu, hata kwenye baa ya watu kumi, jazeni taarifa ya onyesho kwenye akaunti yenu, maana mrabaha hulipwa kwa taarifa hizo. Mpiga gitaa wangu alikuwa hajazi. Nilipomkalisha chini tukajaza za mwaka mzima pamoja, hundi yake ilinunua ampi anayoitumia mpaka leo.