Kwa nini watwana hawakuondoka

Mwanangu Saumu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na mama yako kakutumia maharage kwa basi la leo. Swali lako nimelipata: umemaliza ile tamthilia ya ngome na wapanda farasi, unashangaa watwana wa Ulaya walikuwa wengi kuliko mabwana wao, tena bila minyororo miguuni, kwa nini wasifunge virago wakaenda zao? Tamthilia haiwezi kukujibu, maana wakulima inawaonyesha pale tu wanapochomewa nyumba. Nikujibu kwa Uingereza, ambako habari zake nazijua zaidi.

Watumwa hasa walikuwepo pia. Mfalme William alipohesabu mali ya nchi mwaka 1086, miaka 20 baada ya kuiteka, karibu mmoja kati ya kila kumi walioandikwa alikuwa mtumwa. Mtwana ni mwingine. Alikuwa na nyumba, familia, mifugo, na vipande vya ardhi alivyolima mwenyewe. Ardhi ikibadilisha mwenyewe, naye anakwenda nayo. Kwa vipande hivyo alidaiwa siku mbili au tatu kila wiki kwenye shamba la bwana, na wakati wa mavuno zaidi ya hapo, mazao yake mwenyewe yakimngoja. Akitaka kuoza binti, alipie ruhusa. Akifa, bwana anachagua mnyama bora kuliko wote zizini, na mara nyingi padri akachukua anayefuatia. Fungu la kumi la Kanisa liko palepale.

Sasa mtu wa namna hiyo akiondoka, watoto watakula nini? Ijumaa anatoka, Jumamosi hana shamba. Vijana wasio na familia ndio waliokimbilia mijini, kwa sababu miji kadhaa yenye hati ya mfalme ilikuwa na desturi kwamba ukikaa humo mwaka mmoja na siku moja bila bwana wako kukudai, umekuwa huru.

Halafu bwana hakutawala kwa upanga peke yake. Mahakama ya kijiji ilikuwa yake, daftari lake, faini zake. Kinu pia chake. Hapa kuna kisa nikipendacho kuliko vyote. Pale St Albans, kaskazini ya London, bwana alikuwa abati, yaani mkuu wa monasteri, nyumba ya watawa. Wenyeji walitakiwa kusaga nafaka kwenye vinu vya abati na kuacha sehemu kama malipo. Wao wakawa wanasaga majumbani kwa mawe ya mkono. Miaka ya 1330 abati Richard wa Wallingford, mtaalamu wa nyota aliyebuni saa ya ajabu ya monasteri, akawanyang'anya yale mawe akayatandaza sakafuni pale monasteri. Yaani mtu akiitwa huko na shida yake, anakanyaga jiwe alilosagia mama yake. Akili ya kutengeneza saa na roho ya kufanya hivyo zilikaa katika kichwa kimoja.

Mwaka 1348 tauni ikaingia, ikaua kati ya theluthi na nusu ya Waingereza. Vibarua wakawa adimu, wakaanza kudai ujira wa maana. Bunge likajibu kwa sheria ya 1351 iliyorudisha ujira kwenye viwango vya kabla ya tauni. Juu yake ikaja kodi ya kichwa, shilingi moja kwa kila aliyezidi miaka 15, tajiri na maskini. Juni 1381 watu wa Essex na Kent wakaingia London, wakamkata kichwa hata Askofu Mkuu wa Canterbury. Mahali pengi walitafuta kwanza madaftari ya mahakama ya bwana, yaliyoandikwa nani anadaiwa nini, wakayatia moto. Walijua kinachowafunga kiko wapi. St Albans walibomoa ile sakafu, wakavunja mawe, wakagawana vipande kama mkate uliobarikiwa wa Jumapili.

Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aliwaahidi uhuru. Kiongozi wao Wat Tyler alipouawa, akaikana ahadi. Padri John Ball, aliyewahubiria usawa, aliuawa Julai hiyo hiyo, St Albans kwenyewe.

Kwa hiyo uasi ulishindwa, ila utwana ulikufa hata hivyo, kwa sababu mashamba yalikuwa yamebaki bila watu. Mtwana akibanwa hapa, bwana wa kijiji cha pili anamtaka na hamuulizi katoka wapi. Hapo sasa ndipo walipoondoka, Saumu, kwa maelfu, na mabwana waliobaki peke yao wakalazimika kugeuza siku za kazi kuwa kodi ya fedha. Mkulima akapewa nakala ya daftari la mahakama kuthibitisha kipande chake, daftari lilelile ambalo babu zake walikuwa wakilichoma. Umiliki huo wa nakala ulidumu katika sheria ya Uingereza hadi 1926.

Ni mimi,
Baba yako