Zawadi za Idi kutoka jikoni: pika visheti

Tukifika kumi la mwisho la Ramadhani huwa nakaa na kalamu kuandika majina. Mama mkwe, mawifi wawili, majirani wa kulia na kushoto, ustadhi anayewasomesha watoto, fundi wangu wa cherehani. Mwaka juzi majina yalifika 12, na hela ya kununulia watu wote hao maboksi ya biskuti sikuwa nayo. Nikapika visheti. Tangu hapo sijanunua zawadi ya Idi dukani, na wifi yangu mkubwa siku hizi huanza kuniulizia mapema.

Kwa nini visheti? Kaimati ni tamu, lakini zinataka kuliwa siku ileile, zikilala, zinalegea. Kashata za nazi nazipenda kuliko vyote, ila nazi mbichi haikai, na mwisho wa mfungo bei yake hupanda kwa sababu kila nyumba inapika futari ya tui. Visheti ni unga, sukari, samli kidogo na iliki, basi. Vikikauka vizuri vinakaa zaidi ya wiki, kwa hiyo unaweza kuvipika siku nne kabla ya Idi na usiku wa mwandamo ukabaki na pilau yako tu.

Kipimo changu ni vikombe 3 vya unga wa ngano, vijiko 3 vya samli iliyoyeyushwa na chumvi ya kubana kwa vidole. Fikicha unga na samli mpaka ukiukamata kwenye ngumi ushikane, kisha kanda kwa maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, upate donge gumu kuliko la chapati. Tui linanukia zaidi, lakini kwa zawadi ya kukaa mimi natumia maji. Kata vidonge vidogo, kandamiza kila kimoja kwenye mgongo wa uma, kisha kikunje. Hapa waite watoto, mikono yao midogo inaiweza kazi hii. Kaanga kwa moto wa wastani. Moto ukiwa mkali vinawahi rangi nje na ndani vinabaki unga.

Sasa shira, ndipo wengi wanapokwama. Sukari kikombe 1 na nusu, maji nusu ya hapo, iliki iliyotwangwa. Iache ichemke mpaka mapovu yawe mazito na ya polepole. Chota tone kwa kijiko, lipoe kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha. Likivuta uzi, epua, mimina visheti vyote na uanze kugeuza kwa mwiko bila kupumzika. Mwanzoni vitang'aa na kunatana, utadhani umeharibu. Endelea. Ghafla shira inabadilika, inakuwa nyeupe kama chokaa, na visheti vinaachana kimoja kimoja vikigonga karai kama kokoto.

Usikamulie ndimu, tafadhali. Ni mazoea ya shira ya kaimati, na huko ina kazi yake: ndimu inazuia sukari isigande, shira ibaki laini. Kwenye visheti tunaitaka igande.

Mwaka wa kwanza nilivifunga vikiwa na joto. Asubuhi mifuko ilikuwa na matone ya maji kwa ndani, na visheti vya nyumba tatu vimelowa. Niliumia sana, nikarudi jikoni usiku wa kuamkia Idi. Sasa navitandaza kwenye sinia, nafunika kwa kitambaa chepesi, na havifungwi mpaka kesho yake.

Vya kufungia sinunui. Naanza kuweka chupa za jemu tangu Rajabu, nazichemsha, nazianika juani mpaka zikauke kabisa. Fundi cherehani ananipa vipande vya kitenge bure. Nakata mraba, nafunika kifuniko, nafunga kwa uzi wa sufi. Chupa ya mama mkwe naitia iliki zaidi kwa sababu ndivyo anavyopenda, na nadhani hilo linamfurahisha kuliko chupa yenyewe.

Majirani zangu wanaosherehekea Krismasi nao huwa nawapelekea hivyo hivyo mwezi wa 12. Mwaka jana chupa moja ilirudi Januari imejaa karanga za kukaanga.