Swali la lugha: Serikali imehukumu, au Mahakama?

Msomaji wetu wa Chamwino, mkoani Dodoma, ameandika: "Shikamoo Mwalimu. Juzi redio ilitangaza kwamba Serikali imemhukumu mwizi wa ng'ombe kwenda jela miaka mitano. Kijiweni pakazuka ubishi. Mimi nilisema anayehukumu ni Mahakama. Mjomba akasema Mahakama ni ya Serikali na hakimu analipwa na Serikali, kwa hiyo mtangazaji hajakosea. Akaongeza kwamba hata mkuu wa wilaya hufunga watu. Nani yuko sahihi? Na je, tuandike mhimili au muhimili?"

Marahaba. Uko sahihi wewe, ila usimcheke mjomba, maana ana shahidi mzito kuliko anavyojua mwenyewe. Ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1977, inapotaja vyombo vya utoaji haki, inaandika "Idara ya Mahakama ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano". Idara, tena ya Serikali! Angekuwa na Katiba mfukoni siku ile, kahawa ingekupalia.

Lakini ibara hiyo isomwe tangu juu. Inaanza kwa kutaja shughuli zote za "Mamlaka ya Nchi", kisha inayagawa mamlaka hayo mafungu matatu: utendaji, utoaji haki na kutunga sheria. Fungu la utendaji linakabidhiwa Serikali, ile ya Muungano na ile ya Mapinduzi ya Zanzibar. Maana yake ni kwamba ndani ya ibara moja neno Serikali limetumika kwa upana wa dola nzima, na hapohapo likatumika kwa ufinyu: Rais, mawaziri, wakuu wa mikoa na wilaya, na watumishi walio chini yao. Mjomba ameshika maana pana. Mtangazaji alipaswa kushika ile finyu, kwa sababu habari ya kesi inamtaka msikilizaji ajue nani kafanya nini. Na Katiba yenyewe haikuacha jambo hili likining'inia: Ibara ya 107A, iliyoingizwa na mabadiliko ya mwaka 2000, inasema mwenye kauli ya mwisho katika utoaji haki ni Mahakama.

Hoja ya mshahara haina miguu. Mbunge naye hulipwa kutoka Hazina hiyohiyo, lakini kila Juni, bajeti inapopigiwa kura hapo Dodoma, hakuna anayetangaza kwamba bajeti ya Serikali imepitishwa na Serikali.

Sababu yangu kubwa iko kwenye jina la kesi. Ukisoma orodha ya mashauri ya jinai iliyobandikwa mahakamani, utakuta "Jamhuri dhidi ya fulani". Jamhuri ndiyo inayoshtaki, na mwendesha mashtaka anasimama kwa niaba ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye yuko upande wa utendaji. Sasa ukisema Serikali imemhukumu mwizi, umemtoa mshtaki kwenye benchi lake ukampandisha kwenye kiti cha hakimu. Hiyo ndiyo kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kulifuata shauri hatua kwa hatua bila kuchanganya wenyewe. Polisi wanakamata, wanamshikilia mtuhumiwa, wanamhoji, wanamfikisha mahakamani. Mwendesha mashtaka anamsomea mashtaka, na kuanzia hapo anaitwa mshtakiwa. Yeye anakiri au anakana. Hakimu anampa dhamana au anaamuru arudishwe mahabusu. Ushahidi ukikamilika, Mahakama inamtia hatiani au inamwachia huru. Akitiwa hatiani, inampa adhabu, na anayeitekeleza adhabu hiyo ni Jeshi la Magereza, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hapo tumesharudi serikalini. Rais akimsamehe mfungwa kwa mamlaka aliyopewa na Ibara ya 45, anayesamehe ni mkuu wa utendaji, kwa hiyo kuandika "Mahakama imemsamehe" ni kosa. Mahakama huachia huru, Rais husamehe, na wahariri wengi wa vichwa vya habari huyachanganya haya mawili kila inapokaribia 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru.

Katikati ya safari hiyo kuna neno linalonikera zaidi, nalo ni hukumu. Magazeti yamelizoeza kubeba maana ya adhabu, kiasi kwamba mtu akisikia "fulani anasubiri hukumu" anajua moja kwa moja kwamba amekwisha. Sivyo. Hukumu ni uamuzi wa shauri pamoja na sababu zake, na inaweza kuwa ya kumwachia huru. Miaka mitano jela ni adhabu. Mwandishi makini angeandika: "Mahakama ya Wilaya imemtia hatiani mkazi wa kijiji fulani kwa wizi wa ng'ombe na kumpa adhabu ya kifungo cha miaka mitano." Ni sentensi ndefu kidogo, lakini haimdhulumu mtu.

Sasa mkuu wa wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuagiza mtu akamatwe na kushikiliwa kwa muda usiozidi saa 48, pale anapoona amani iko hatarini. Baada ya hapo mtu huyo apelekwe mbele ya hakimu au aachiwe. Huko si kufunga. Aliyefungwa ana hukumu nyuma yake. Huyu amewekwa ndani tu. Watu wa mitaani, ambao wana sikio zuri kuliko watangazaji, husema "DC kamweka ndani", na hawasemi "DC kamhukumu". Mjomba aliposema "hufunga watu" ameupotosha usemi wa wenzake wa kijiweni.

Hata hivyo mazoea yake yana asili. Wakati wa Mwingereza, mkuu wa wilaya aliitwa Bwana Shauri, na shauri ni kesi: mtu mmoja alikusanya kodi, akatoa amri, na akasikiliza mashauri palepale bomani. Huku Ugogo mtemi naye alikuwa mtawala na mwamuzi kwa pamoja. Mahakama za wenyeji ziliunganishwa na mfumo mmoja wa nchi kwa sheria ya mwaka 1963, lakini ulimi wa mzee hauhami kwa tangazo la gazeti la Serikali. Ndiyo maana kwa wengi chochote chenye nembo ya Bwana na Bibi ni "Serikali", awe karani, polisi au hakimu.

Ukihitaji neno la kujumlisha yote, chukua dola, au hayohayo "Mamlaka ya Nchi" ya Katiba. Angalia tu kwamba "vyombo vya dola" katika matumizi ya kila siku humaanisha polisi na ndugu zao, si Bunge. "Matawi ya serikali" silipendi: linarudisha ubishi wenu ulipoanzia, kwa kuwa tawi ni la mti, na mti wenyewe umeshaitwa serikali.

Ndiyo maana tuna mihimili mitatu ya dola: Serikali, Bunge na Mahakama. Andika mhimili, bila u, kwa kuwa limetokana na kitenzi himili: kinachohimili ni mhimili, kama anayehariri alivyo mhariri. Hiyo u unaisikia mdomoni tu. Neno "muhimu" ni jambo jingine, hapo u ni yake. Na Mahakama, iwe mhimili wenye herufi kubwa au chumba cha mahakama kule Chamwino, ni ya ngeli ya i-zi: Mahakama imeamua, mahakama zimeamua. "Mahakama yameamua" nimelisikia bungeni kwa masikio yangu, na bado si Kiswahili.