Anasoma kwa saa tatu kila jioni, na bado anasahau

SWALI: Mwalimu, binti yangu ameanza Gredi ya 10 Januari hii katika shule ya kutwa. Kila jioni husoma madaftari yake kwa saa tatu huku akipigia mstari mambo muhimu, lakini nikimwuliza aliyoyasoma juzi hakumbuki. Je, nimwongezee saa? – Mama, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mama, usimwongezee hata saa moja. Tatizo lake si uvivu wala uchache wa muda, bali ni namna anavyodurusu: kusoma maandishi yale yale mara ya pili na ya tatu humfanya ayazoee kwa macho, na mazoea hayo hufanana sana na kuelewa, mpaka siku ya mtihani ambapo daftari halipo mbele yake. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwajaribu wanafunzi wa chuo kikuu kwa vifungu vifupi. Waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, ila baada ya wiki moja waliotangulia ni wale waliokuwa wamejipima bila kutazama.

Basi aanze sasa, kabla madaftari hayajajaa. Achukue somo la siku hiyo, tuseme Baiolojia, afunge daftari na kuandika kwenye karatasi yote anayoyakumbuka. Ndipo alifungue na kujisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Aliyoyakosa ndiyo ya kusoma. Ajiulize tena kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kwa dakika 10 hivi. Vipindi hivyo ni desturi yangu tu, lakini Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba mengi husahaulika mapema, na kwamba marudio yaliyotawanywa hushinda yaliyorundikwa siku moja. Atalalamika kwamba njia hii ni ngumu kuliko kupiga mistari, na ni kweli.

Hisabati haidurusiwi hivyo. Huko afanye maswali, akichanganya mada za wiki hii na za wiki zilizopita, ili ajifunze kutambua njia ipi inafaa swali lipi.

Kuhusu saa, moja na nusu inatosha kwa sasa, mradi ianze wakati ule ule kila siku. Mimi ningechagua saa kumi na mbili jioni, maana mwanzoni mwanga bado upo hata stima ikipotea. Simu ikae chumbani kwako. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, kwa hiyo akiamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, awe amelala kufikia saa tatu na nusu usiku.

Nawe Jumapili mwombe akueleze mada moja ya wiki, kwa Kijaluo au Kiswahili, daftari likiwa mikononi mwako.