Jino linauma: karafuu inatibu au inatuliza tu?

Swali: Gego langu lina tundu. Likiuma hutafuna karafuu na baada ya muda mfupi maumivu hukata. Sasa nimepata chupa ya mafuta ya karafuu. Naweza kuyatumia kila siku badala ya kwenda kuziba jino? Na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anaota meno, nimpake? Mimi natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Jibu la mfamasia: Maumivu yanakata kweli, si hisia zako tu. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, kemikali inayotia ganzi kwa kuziba njia za sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, njia zinazopitisha ishara ya maumivu. Madaktari wa meno nao huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Tundu lako, hata hivyo, liko palepale, na bakteria waliokwisha kuingia kwenye kiini cha jino hawaondoki kwa kutafuna karafuu. Usifurahi sana siku gego litakapoacha kuuma lenyewe. Mara nyingi maana yake ni kwamba mshipa wa ndani umekufa, na usaha huanza kujikusanya kwenye mzizi. Shavu likivimba, ukipata homa au ukashindwa kumeza, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wakati unasubiri kumwona daktari, punje moja moja inatosha. Ibonyeze kichwani kwa ukucha: ikiacha unyevu wa mafuta, bado ina nguvu. Ile inayoelea kwa ubavu majini kwa kawaida imeshapoteza mafuta yake, hiyo utaitafuna bure.

Mafuta ya chupa ni habari nyingine kabisa. Kiwango cha eujenoli kinachokubalika kuliwa kwa siku ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 150 kwa mtu wa kilo 60. Punje moja ina miligramu kumi na kitu hivi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina takribani gramu 4, zaidi ya mara 25 ya kiwango hicho! Hata kupaka tu, yakiwa hayajazimuliwa huunguza ufizi, na ukirudia kila siku utaongeza kidonda juu ya jino bovu. Ukilazimika, zimua kitone kimoja kwa mafuta ya kula, chovya pamba, gusa jino tu, kisha tema.

Kuhusu warfarini: eujenoli hupunguza uwezo wa chembe sahani (chembe za damu zinazoziba jeraha) kugandisha damu. Karafuu ya kwenye chakula haina neno, ila usiyanywe mafuta yake wala kumeza vidonge vyake. Na daktari wa meno mwambie unatumia warfarini kabla hajagusa koleo. Usiiache kwa uamuzi wako.

Mtoto usimpake kabisa. Wapo watoto wa umri wake waliomeza mililita 5 hadi 10 tu wakapata degedege, wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Msugue ufizi kwa kidole safi au kitambaa kilicholowa maji baridi. Chupa ifungie asikofika, na akiimeza usimtapishe: mkimbize hospitali, na chupa uibebe.