Mto Pangani: pima ngapi masika, pima ngapi kusi? (jibu refu)

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: mdomoni mwa Mto Pangani mtu ashushe mshipi (uzi wa kuvulia) pima ngapi, na kwa nini Aprili uliambulia hongwe (kambare wa baharini) watupu wakati Januari, pale pale na kwa mshipi ule ule, ulitoa kungu na kolekole. Nimeuvua mto huu tangu nikiwa mtoto wa kukumba maji mtumbwini upande wa Bweni, ng'ambo ya Pangani mjini. Siku hizi navua nikipata nafasi tu, lakini maji bado nayafuatilia. Nitajibu la mshipi. Mtu wa nyavu, awe wa jarife au wa kimia, ana hesabu zake, simsemei.

Kabla hujauliza pima ngapi, uliza chumvi iko wapi. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya mto, kwa hiyo yakikutana hayachanganyiki papo hapo. Ya bahari yanaingia kwa chini kama ulimi, ya mto yanateleza juu yake yakitoka. Unaweza kukaa mtumbwini ukanawa maji baridi kabisa, yaani yasiyo na chumvi, kumbe pima mbili chini yako ni bahari. Kungu, chewa na kolekole wanavumilia maji baridi kiasi, ila wakipewa nafasi wanaufuata ule ulimi. Ulimi ukipanda mto, nao wanapanda. Ukisukumwa nje, wanatoka nao au wanajibana kwenye mashimo. Hongwe yeye hana shida, matope na maji yaliyopoa chumvi kwake ni nyumbani. Basi Aprili hukukosea mahali wala mshipi, samaki uliyemtaka alikuwa hayupo katika maji uliyoyavua.

Namna ya kuutafuta huo ulimi alinifundisha mjomba, na vifaa vyake ni chupa tu. Chukua chupa, ifunge chubwi la kuizamisha, kamba moja kwenye shingo na nyingine kwenye kizibo kisichokazwa sana. Shusha hadi kina unachokitaka, vuta ile ya kizibo, ngoja mapovu yaishe, pandisha, onja. Onja na uteme, mto huu unapita mashamba na miji mingi. Rudia kila nusu pima. Mahali ulimi wako unapokunja kwa chumvi, hapo ndipo kina chako cha siku ile, na saa tatu baadaye kitakuwa kimehama. Ukifanya hivi misimu miwili utaacha chupa nyumbani, maana utaanza kuona kwa macho: mstari wa povu na majani makavu, upande mmoja maji ya rangi ya chai, upande wa pili kijani.

Pima nazosema ni za mikono: nyoosha yote miwili, kidole hadi kidole. Funga uzi wa rangi kwenye mshipi kila pima, gizani utahesabu kwa vidole.

Sasa masika, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Kosa la kwanza ni kutazama mawingu ya Pangani mjini. Mto unashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, unapokea maji ya Pare na Usambara, safari ya karibu kilomita 500. Inaweza kuwaka jua Bweni wiki nzima na mto ukawa umevimba. Tazama kinachoelea: magogo, mafungu ya magugu, migomba mizima. Ukiona hivyo ujue tabaka la juu limenenepa, na maji yakipwa sehemu kubwa ya mto wa chini inakuwa maji baridi kuanzia juu hadi mchangani. Chumvi inaingia wakati wa kujaa peke yake, tena kwa chini kabisa.

Kwa hiyo masika nina muda mfupi wa kuvua: kuanzia maji yamejaa kwa saa mbili hivi hadi yasimame. Nje ya hapo nakunywa chai. Natafuta kona, ule upande wa nje ambao mkondo umechimba, na lile shimo la karibu na mlango. Hapo nashusha mpaka chubwi liguse, liwe pima tatu au tano, kisha napandisha shibiri mbili tu. Ukipandisha zaidi umerudi kwenye maji ya mto. Chubwi liwe zito, maana tabaka la juu bado linatoka wakati la chini linaingia, na mshipi unapinda katikati kama upinde. Wengi wanadhani wako chini kumbe chambo kinaelea. Chambo kiwe cha kunuka, kipande cha mkizi au ngisi, kwa sababu katika maji yale samaki hakioni. Siku nazopendelea ni zile mbili tatu kabla ya bamvua kamili, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Bamvua yenyewe ikikutana na mto uliovimba, mkondo wa kupwa ni wa kuogopwa.

Naongea kwa kuumia. Masika moja nilitia nanga katikati ya mkondo, bamvua, maji yameanza kutoka, nikajiambia nivute dakika kumi zaidi. Gogo likaja likakalia kamba ya nanga, omo ya mtumbwi ikaanza kunywa maji. Nilikata kamba kwa kisu cha chambo. Nanga ilikwenda, na mshipi wangu mzuri nao. Tangu siku ile kamba yangu ya nanga ina dumu tupu mwishoni na fundo la kufyatua: nikiona kitu kinakuja naachia, narudi kuokota dumu baadaye.

Kusi, msimu wa upepo wa kusini, ni hadithi nyingine. Kuanzia Juni mto unapungua, maji yanatulia rangi, chumvi inapanda ndani. Lakini huko mdomoni upepo na mkondo wa kupwa vinapambana, na bahari inasimama wima pale kwenye mafungu ya mchanga. Sioni sababu ya mtu wa mtumbwi kujitafutia makubwa pale wakati samaki wenyewe wameshaingia ndani. Kusi mimi ni mtu wa mikokoni.

Maji yakijaa yanaingia hadi kwenye mizizi ya mikoko, na kungu anaingia nayo kufuata kaa na kamba. Yakianza kupwa kila kitu kinatokea mlango ule ule wa hori (kijito cha maji ya bahari kati ya mikoko) kilioingilia. Wewe kaa nje ya mlango huo, mtumbwi uegemee upande wenye kivuli, usigonge kafi ubavuni. Kina hapo ni pima moja, mara nyingine hakifiki. Hakuna chubwi, au weka dogo la kukizamisha chambo tu. Kamba hai au mkizi mdogo aliyechomwa mgongoni ndiyo dawa. Saa ya kwanza ya kupwa ni ya kungu. Maji yakishuka zaidi, sogea hadi shimo la kwanza nje ya hori, pima mbili au tatu, hapo chewa anasubiri vinavyosombwa. Kungu akikamata usimpe hata mkono mmoja wa mshipi, atakupeleka mizizini na utabaki unavuta mti. Nimeshavuta miti mingi.

Ila hori bila kujua saa za maji ni kupoteza jioni. Kwa pwani yetu hii, Tanga, Pangani, Unguja, bamvua inajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, ni kinyume, yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, na ukipanda mto yanachelewa tena kidogo. Sasa linganisha: bamvua ikijaa saa kumi jioni, maji yanaanza kutoka horini kuanzia saa kumi na moja hadi magharibi, wakati mwanga unapungua na kungu anaanza kuthubutu. Hiyo ndiyo jioni ya kuomba ruhusa kazini. Siku hizo tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, kwa hiyo hori uliloingia ukiimba linaweza kukuacha umekaa topeni hadi usiku. Baki nje ya mlango, usiingie ndani.

Kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, Desemba hadi mapema Machi, ndiyo ile Januari yako. Mto uko chini, na chumvi inapanda mbali. Wakulima wa kandokando wanalalamika siku nyingi kwamba inawaulia minazi, na mabwawa na umwagiliaji wa huko juu haviwasaidii. Kwa mvuvi maana yake ni kwamba mdomo mzima umekuwa bahari, juu na chini. Mkizi na simu wanaingia kwa makundi, kolekole na mizia nyuma yao. Hapo sahau sakafu. Nusu pima kutoka juu, bila chubwi, chuchunge mzima kwenye ndoana yenye waya (mizia ana meno, uzi mtupu anaukata kama mkasi), uachie mkondo ukipeleke chambo ukingoni mwa fungu, pale mchanga unapotumbukia ghafla. Mkizi wakianza kurukaruka ovyo, tupa hapo hapo. Wazee walisema hasira za mkizi tijara kwa mvuvi, na mmoja aliwahi kuangukia mtumbwini mwangu akawa chambo kabla sijamaliza kucheka. Wakati huu napenda maji mafu ya asubuhi: kupwa saa kumi alfajiri, kukipambazuka yanaingia taratibu, na kolekole wanaingia nayo hadi saa mbili hivi. Jua likipanda rudi pima tatu, au rudi nyumbani.

Matlai (upepo wa mashariki) na vuli sina mengi. Oktoba maji ni mazuri na upepo ni mpole, vua kama kaskazi. Mvua za vuli zikishuka kwa nguvu, kwa siku chache fuata kanuni za masika, kisha mto unarudi ulivyokuwa.

Kuhusu kisiwa cha Maziwe ulichogusia, ni hifadhi, usivue. Na leseni ya mshipi wako usitegemee maneno ya watu, nenda ukaulize halmashauri.

Mamba wapo, usiambiwe ni wa huko juu mtoni tu. Usioshe samaki ukiwa umechuchumaa ukingoni jioni, kila siku mahali pale pale. Osha ndani ya ndoo, mwaga mbali na unaposhukia.

Mwisho hao hongwe wa Aprili. Usimshike kwa kukumbatia. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya ubavuni, na ina sumu. Mshike kwa koleo mdomoni, vunja miiba kwanza, ndipo utoe ndoana. Akikuchoma, chovya mkono kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, ukae nayo hadi maumivu yapungue, na ukiona uvimbe unapanda nenda hospitali. Mimi thermos ya chai ndiyo iliyoniokoa siku niliyochomwa, ingawa ilikuwa na sukari na mkono ulinata hadi Bweni.